Jani la Isale na Mlango wa Watu

Mwanamke mmoja alikuwa na mkono wa mbege. Kuna wenye mkono wa kilimo, kuna wenye mkono wa kulea. Huyu ndizi zikipita kwake, zikachemka, zikalala siku zake, zikakutana na uji wa ulezi, kilitoka kinywaji ambacho watu walivuka mabonde kukifuata. Jina lake lilikuwa Ndeanasia. Alikaa mlimani, katika kihamba, yaani shamba la nyumbani, alichoachiwa na marehemu mumewe, kati ya migomba na mfereji, pamoja na binti yake wa pekee, Aikande.

Upande ule wa mlima haukufanyika ubatizo wala posa bila pipa la Ndeanasia. Jina lake likakua hadi likawa kubwa kuliko yeye mwenyewe. Watu walipoona anajua ndizi wakadhani anajua kila kitu. Wakamwuliza mtoto aitwe nani, shamba liuzwe au lingojewe, mchungaji mpya anafaa au hafai. Mwanzoni aliwajibu, "Jamani, mimi najua ndizi tu." Wakacheka, wakasema tazameni unyenyekevu huo. Akachoka kukataa, akaanza kujibu. Na majibu yake, hata yale ya kijinga, yakarudiwa njiani kama methali. Hivyo ndivyo mtu anavyopoteza masikio yake bila kuugua: anazungukwa na vinywa vinavyomrudishia maneno yake mwenyewe, naye anadhani anazungumza na ulimwengu.

Siku moja watu walimaliza kusafisha mfereji, wakakusanyika kunywa kwa Mzee Ndesario, aliyekuwa msimamizi wa maji. Wanawake wa tambarare, wale wanaopanda na mahindi na kushuka na ndizi, walikuwa wamekaa pembeni karibu na ua, wamepewa kata yao baada ya wengine wote kama ilivyo desturi. Mtu mmoja, kwa kutaka tu kusikia atasema nini, akamwuliza Ndeanasia kama anaweza kukubali kuwapikia na hawa wa tambarare, maana nao wana harusi zao.

Ndeanasia alikuwa amekaa kiti cha mbele. Watu walikuwa wanamtazama mdomo.

"Wa tambarare?" akasema. "Mbege ya nini? Mchotee maji ya mfereji, mkorogee majivu. Atakushukuru, na ataomba kata ya pili."

Pakalipuka kicheko. Apaikunda, rafiki yake wa tangu usichana, alijipiga mapaja akamwangukia jirani. Mzee Ndesario alicheka hadi akatafuta leso. Mchungaji alitazama chini, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Pembeni pale mwanamke mmoja wa tambarare, jina lake Nambua, aliishusha kata yake chini na kuifudikiza. Katika nchi ile mgeni akiifudikiza kata kabla ya kuaga, maana yake ni kwamba amemalizana na nyumba hiyo. Kisha akajitwika mzigo wake, akateremka.

Ndeanasia aliiona kata ile. Aliona tako lake likitazama juu, likiwa limekauka. Alijua maana yake. Angeweza kuinuka, hatua zilikuwa chache tu. Lakini watu walikuwa bado wanacheka, na kuinuka katikati ya kicheko chako mwenyewe ni kazi ngumu. Akabaki amekaa.

Sasa ieleweke jambo hili kuhusu mbiu. Zamani mlimani mbiu ilikuwa moja, pembe la nyati, na lilikaa kwa mtu mmoja aliyeapishwa. Likilia, watu walitupa majembe wakakimbia, maana walijua kuna moto au kuna chui. Baadaye mapembe yakapatikana kwa wingi na kwa urahisi, na kila nyumba ikawa na lake, hata watoto. Yakalia asubuhi, yakalia mchana. Mtu alipiga mbiu kwa sababu mgomba wa jirani umezaa, na mwingine akapiga kumjibu kwamba mbona wake umezaa zaidi. Watu hawakuacha kukimbia. Walikimbia vilevile, ila sasa walikuwa hawajui wanakimbilia nini.

Kijana mmoja wa mgongo wa pili wa mlima, ambaye hakuwepo kwenye pombe ile wala hakujua mlango wa Ndesario ulikoelekea, alisikia maneno yale kwa mtu aliyeyasikia kwa mtu. Akapiga mbiu: kule kwa wenzetu wanawatukana watu wa tambarare, na wakubwa wao wanacheka! Mgongo wa tatu ukajibu. Hata ng'ambo ya mto wakauliza, hao ni watu wa namna gani?

Majirani wa Ndeanasia wakatazamana. Walikuwa wamecheka, na kicheko kina mashahidi. Na njia ya mkato ya kufanya watu wasahau kwamba ulicheka ni kukasirika kabla ya mwenzako. Kufikia jua la utosi hasira ilikuwa imefika kila nyumba, na kila mmoja alisema moyo wake uliuma tangu siku ileile, ila alikosa nafasi ya kusema.

Siku ya soko walikuja kumwaga mbege ya Ndeanasia hadharani. Walisimama kwa mstari, na kila mmoja akainua kibuyu juu watu waone, akakigeuza. Udongo ukanywa hadi ukalewa. Wengine walifika hawana hata tone la mbege yake nyumbani, wakalazimika kuinunua kwanza ili wapate cha kumwaga. Apaikunda alimwaga vibuyu viwili, na machozi yalimtoka. Hakuna aliyeshuka tambarare kumwuliza Nambua anataka nini. Halikuwa neno lililowajia.

Kumtenga mtu si jambo geni mlimani. Asiyefika kwenye mazishi ya wenzake, au asiyeshika jembe siku ya mfereji, hutengwa: hasalimiwi, hauziwi chumvi, wala haazimwi kaa la moto. Lakini desturi hiyo ilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Wazee walikaa, mkosaji akaitwa, akasema lake, akatozwa mbuzi. Mbuzi akaliwa na wote, yeye mwenyewe akiwemo, na kesho yake watoto wakamwamkia. Safari hii wazee hawakukaa, na mkosaji hakuitwa. Watu waliacha tu kumsalimu. Na adhabu ambayo haikutolewa na mtu, hapatikani mtu wa kuifuta.

Apaikunda akaanza kupika mbege yeye. Ilikuwa chachu inayokunja uso. Watu waliinywa, wakafumba macho, wakameza kwa shida, wakasema hii sasa ni mbege yenye heshima.

Ndeanasia aliona mapipa yake yakikauka na ndizi zikiiva hadi zikaanguka zenyewe, na mwanzoni alikasirika. Alisema yalikuwa maneno ya pombe. Alisema walicheka wote. Yote mawili yalikuwa kweli, wala hayakumsaidia. Jioni moja, kabla giza halijaingia, alimwona Mzee Ndesario akipenya kati ya migomba ya nyuma, ameinama kama mtu aliyeangusha kitu.

"Mama Aikande," akanong'ona. "Umebakiza kidogo? Ni tumbo. Ile ya Apaikunda inanikata."

"Si ulimwaga sokoni, mzee?"

"Nilimwaga, ndiyo. Ile ilikuwa ya sokoni. Hii ni ya dawa."

Akampa. Mzee akanywa kata mbili za dawa, akajifuta midomo kwa uangalifu mkubwa, akarudi kwa njia ileile. Kesho yake walikutana mferejini na hakumwamkia.

Yote hayo Ndeanasia angeyavumilia, maana mtu huzoea hata kiatu kinachobana. Lakini Aikande alikuwa ameshachumbiwa. Mchumba wake alikuwa kijana wa Mzee Ndanshau wa mgongo wa pili, na siku ya posa ilikuwa imepangwa kabla mvua za masika hazijaanza. Desturi ilikuwa hivi: wageni wakifika na posa, mama wa binti anawakaribisha kwa kata ya nyumba, anaonja yeye kwanza, kisha baba wa kijana anakunywa mbele ya majirani. Majirani ndio mashahidi. Wasipokuwepo, binti hajaposwa, ametembelewa tu. Na Mzee Ndanshau alituma maneno, kwa adabu, kwa kinywa cha mpwa wake: "Tutakuja mkishamalizana na watu wenu. Mimi nina wanangu wengine wa kuoza, sitaki mbiu ilie mlangoni pangu."

Aikande alisikia, akaendelea kumenya ndizi. Hakulia. Aliuliza tu, "Mama, unamalizanaje nao?"

Mama yake akatoka nje, akasimama mbele ya ua. Mlimani nyua hupandwa masale, mmea wenye majani marefu membamba, ambao haufi hata ukikatwa. Isale linaonyesha mpaka: hapa kwangu, pale kwako. Na jani lake hilohilo, ukilichuma ukampelekea uliyemkosea, ni ombi la msamaha, na akilipokea mkononi neno limekwisha. Hawezi kulifufua hata akiwa amelewa. Kila nyumba mlimani imezungukwa na msamaha pande zote nne, nao huutumia zaidi kuzuia mbuzi wa jirani.

Ndeanasia akachuma jani. Akaanza na Mzee Ndesario, kwa sababu maneno yalisemwa uani kwake.

Mzee alilitazama jani kama mtu anayeoneshwa nyoka aliyekufa. "Mama yangu," akasema, "mimi sina neno na wewe. Tumbo langu lenyewe ni shahidi. Ni watu."

Akaenda kwa mchungaji. Mchungaji akamkaribisha hadi barazani, akatazama njiani, akamkaribisha ndani. "Mimi nilikusamehe siku ileile, moyoni," akasema.

"Basi pokea jani, baba mchungaji."

"Nimesema moyoni, mama. Hadharani ni habari nyingine. Mimi binafsi sina shida. Ila kuna watu."

Akaenda kwa Apaikunda, akamkuta anakoroga pipa, jasho linamtiririka.

"Mae! Mama Aikande, mimi na wewe tuna nini?" Apaikunda akasema, mikono ameificha ndani ya kanga. "Sisi si ni ndugu? Tumenyonya ziwa moja karibu. Ni watu tu, shoga yangu, watu unawajua wewe."

"Siku ile ulicheka, Apaikunda."

"Nilicheka mimi?" Akashangaa kweli, alikuwa ameshalisahau, na kusahau kwake hakukuwa kwa uongo. "Nilikuwa nakohoa. Moshi."

Ndeanasia alipita hivyo nyumba kwa nyumba. Hakupata aliyemtukana, wala aliyemfukuza. Wawili walimpa ndizi za kubeba. Kila mmoja alimwambia yeye hana neno, ila watu. Katika kila nyumba watu hao walikuwa wanakaa nyumba inayofuata. Alipofika ya mwisho, kwenye ukingo wa bonde, jani lilikuwa limelegea, na mwenye nyumba ile akamwonyesha kwa kidevu kule alikotoka: kule juu ndiko kwenye watu.

Akarudi nyumbani, akaliweka jani juu ya jiwe la kusagia. Aikande alikuwa anasuka mkeka. Hakuinua kichwa.

"Umefika kwa wote, mama?"

"Wote."

"Umefika kwa waliocheka wote," Aikande akasema. "Kwa uliyemtukana je?"

Kulikuwa na jambo hapo lililomchoma Ndeanasia kuliko kususiwa kote, nalo ni kwamba swali lile lilikuwa jepesi. Tangu mbiu ya kwanza alikuwa amehesabu alichopoteza: pipa, soko, kiti cha mbele, salamu za watoto. Ile kata iliyofudikizwa hakuwa ameisahau, ila alikuwa ameisogeza pembeni, kama mtu anavyosukuma takataka nyuma ya mlango mgeni akiingia. Alikuwa anatafuta kurudishiwa jina. Msamaha alikuwa hajautafuta hata mara moja.

Asubuhi akachuma jani jipya, akateremka tambarare. Huko chini hakuna migomba wala kivuli. Kuna mahindi, vumbi na jua linalokaa juu ya kichwa kama mzigo. Aliuliza njia, akaonyeshwa. Nambua alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake anapukuchua mahindi pamoja na wanawe na mama mkwe wake. Alimwona mgeni kwa mbali, akaendelea kupukuchua.

Ndeanasia akapiga goti, akatoa jani kwa mikono miwili. Nambua hakulipokea. Hakuficha mikono pia. Aliiacha wazi juu ya mapaja.

"Yaseme tena," akasema.

"Nini, mama?"

"Yale maneno. Yaseme hapa, mbele ya wanangu. Pale juu niliyasikia yakiwa na kicheko, sikuyasikia vizuri."

Ndeanasia akajaribu. Akataja maji ya mfereji, akaishia hapo. Akaanza upya, akataja majivu, akataja kata ya pili. Hapakuwa na mtu wa kucheka. Maneno yalitoka yakiwa uchi, yakaanguka pale vumbini, naye akayatazama na kuona jinsi yalivyo madogo na machafu. Na kwa mara ya kwanza akashangaa, si kwamba watu walikasirika, bali kwamba walicheka.

Mama mkwe wa Nambua akatema pembeni. Mtoto mmoja akauliza, "Mama, ndiye huyu?" Nambua akamwambia ndiye, aangalie vizuri, mtu mkubwa naye hupiga magoti.

Kisha akanyoosha mkono, akapokea jani.

"Ningelipokea siku ileile," akasema. "Ulichotakiwa ni kunifuata hadi mlangoni tu."

"Niliona kata yako."

"Najua uliona. Nilikuona ukiiona. Hicho ndicho kilichoniuma, yale mengine ni ulevi." Akalichomeka jani kwenye paa la nyumba, juu ya mlango. "Na wale waliomwaga mbege yako, waambie mimi sikuwatuma. Walinunua kibuyu kizima wakakimwaga kwa ajili yangu, na kesho yake wakanipunja mahindi."

Wakala pamoja. Ndeanasia akamweleza habari ya binti yake, bila kuomba kitu. Nambua akasikiliza, akasema siku ya posa atakuja. Mashahidi wanaotakiwa ni majirani, akasema, lakini aliyekosewa ni yeye, na aliyekosewa hawezi kukosa haki ya kusimama na kusema neno limekwisha.

Mzee Ndanshau alipoambiwa kwamba aliyetukanwa amepokea jani, akakubali kuja. Alikuwa mtu wa desturi, na kwa desturi jambo lilikuwa limekwisha.

Mlimani habari zile zilipokewa vingine. Walitarajia nini, hawakuwa wamefikiri. Lakini hawakutarajia hilo. Mbiu zikalia tena. Wakasema Nambua amehongwa ndizi. Wakasema maskini huyo hajui hata thamani yake, itabidi wengine waijue kwa niaba yake. Mwingine akauliza kwa uchungu wa kweli, akiwa amesimama katikati ya soko: "Na yeye ni nani hata amsamehe? Nani alimpa ruhusa?" Wakaacha kununua mahindi ya Nambua. Alishuka na mzigo uleule aliopanda nao. Hivyo yule waliyekuwa wakimlilia akatengwa pamoja na yule aliyemliza, na kazi ya kumtetea ikaendelea bila yeye, kwa urahisi zaidi.

Siku ya posa ikafika. Ndeanasia alikuwa amepika pipa moja, na waliolionja baadaye walisema hakuwahi kupika vile. Uani palikuwa na viti vya majirani, vitupu. Nambua alikuja na ndugu zake wa tambarare, wakakaa kwenye mkeka pembeni, kwa mazoea. Ndeanasia akawainua, akawakalisha mbele. Majirani walikuja pia, ila waliishia nje ya ua. Walisimama nyuma ya masale, bega kwa bega, mtu anachungulia kati ya jani na jani. Walisema hawakuja, walikuwa wanapita tu.

Mzee Ndanshau akaingia na wazee wenzake na kijana wake. Aikande alikuwa amesimama kwenye kizingiti, amefunikwa kanga mpya, mikono ameshikanisha. Ndeanasia akachota kata, akaonja yeye kwanza watu wote wakiona, kisha akampa mzee kwa mikono miwili.

Mzee akaipokea. Akaitazama mbege, povu lake, rangi yake. Akatazama viti vitupu. Akatazama ua, akaona macho. Kata ilikuwa imefika karibu na kidevu, ikasimama hapo.

"Aliyekosewa ni nani hapa?" akauliza.

"Ni mimi," Nambua akasema.

"Umesamehe?"

"Nimesamehe, mzee. Jani liko juu ya mlango wangu, nenda ukalione."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akatazama tena kule nje. Mkono wake ukaanza kushuka. "Mimi sina neno na nyumba hii," akasema. "Binti ni mzuri, na mbege naiona. Lakini mtanielewa. Ni watu."

Nambua akasimama. Hakupaza sauti, lakini hata waliokuwa nyuma ya ua walimsikia.

"Basi niitieni huyo Watu," akasema. "Aje hapa mbele, nimwambie uso kwa uso kwamba nimesamehe. Kama nimemkosea kwa kusamehe, na yeye nimchumie jani."

Nyuma ya ua pakawa na mtikisiko. Kila mmoja akamtazama aliye kulia kwake, na yule wa kulia akamtazama mwingine. Apaikunda akageuka nyuma kabisa kuona kama kuna mtu; nyuma kulikuwa na migomba. Mzee Ndesario akashika tumbo. Mchungaji akakumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea. Mzee Ndanshau aliendelea kushikilia kata, akingoja, na alingoja kwa haki, maana kama angetoka mmoja tu akasema ni mimi, na neno langu ni hili, mzee angejua la kufanya. Hakutoka mtu.

Basi akaiweka kata chini, kwa taratibu, isimwagike. Akasema watasubiri mwaka mwingine, labda watu watatulia. Wazee wakachukua fimbo zao. Kijana alimtazama Aikande, akamtazama baba yake, akamfuata baba yake. Aikande akaingia ndani, akavua kanga, akaikunja katika mikunjo yake ya dukani.

Nje ya ua watu wakatawanyika wakienda makwao, mioyo yao ikiwa myepesi, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja aliyemfanyia mwenzake jambo lolote. Uani walibaki Ndeanasia na Nambua na pipa zima kati yao. Wakanywa na ndugu wa tambarare hadi jua likapungua.

Ikiwa mwenye kidonda ameshapona, ninyi mnaolia bado, mnaumwa wapi?